Sokoni na Mama Mkwe

Binti yetu alipozaliwa, mama mkwe wangu alitoka Didia akaja Geita kumhudumia mzazi. Alikuja na begi moja la nguo na kiroba cha michembe, vile viazi vitamu vinavyokatwa na kukaushwa juani, kama vile alisikia kuwa mjini hakuna chakula. Baada ya siku tatu aligundua kuwa chakula kipo tele, ila kinaliwa na watu wasiojua kununua. Watu hao tulikuwa mimi na binti yake.

Mimi ni mwalimu wa sekondari, mzaliwa wa Njombe. Mke wangu ni muuguzi, Msukuma. Mishahara miwili, watu wawili, nyumba ya kupanga. Mtu angedhani tunashiba mwezi mzima. Lakini ikifika tarehe ishirini mlo wetu ulianza kushuka ngazi. Nyama ikawa maharage, maharage yakawa dagaa, dagaa wakawa mchicha na maneno mazuri. Hatukuwa walevi wala wapenda anasa. Tulikuwa wavivu wa kutembea. Mchele tulinunua kilo moja moja kwenye duka lililotazamana na mlango wetu, sukari robo robo, mafuta ya kupima kwenye chupa ya soda. Nyanya na vitunguu tulichukua kwenye genge lililo kando ya njia wanayopita wachimbaji wakitoka machimboni, na bei za genge lile zilifuata habari za machimbo. Duara likitema, yaani shimo likitoa dhahabu, fungu la nyanya lilipungua nyanya moja na bei ikapanda jioni hiyo hiyo. Sisi hatukuwa na shimo lolote, lakini tulilipa kama wenye shimo.

Mama mkwe aliyaona yote haya, lakini hakuwa na njia ya kuniambia. Kwa desturi ya kwao, mkwe wa kiume na mama mkwe hawazoeani. Hamkai pamoja, hamli pamoja, hampeani mkono. Tulimpa chumba cha uani chenye mlango wake. Nikimkuta barazani nilisimama mbali na kuinama, "Shikamoo mama," naye aligeuza uso, akavuta kanga, akajibu, "Marahaba baba." Hapo ndipo mazungumzo yetu yalipoishia.

Basi alipopata la kusema, alimwambia mtoto.

Jioni moja niliingia na kilo yangu ya mchele. Yeye alikuwa ameketi mkekani uani, mjukuu wake wa wiki tatu akiwa mapajani.

"Mjukuu wangu," alisema akimtazama mtoto machoni, "muulize baba yako, huo mchele kanunua wapi."

Mtoto alipiga chafya.

"Dukani hapo, mwanangu," nilimjibu mtoto.

"Muulize, bei gani."

Niliitaja. Mama akamfunika mtoto vizuri miguuni.

"Mjukuu wangu, hivi baba yako ana duara?"

"Hana, mama," mke wangu aliitikia kutoka ndani, nikasikia anavyojizuia kucheka.

"Basi mwambie aache kula kama mwenye duara."

Tangu siku ile, kila asubuhi akishamwogesha mtoto, alijitanda kanga na kutoka. Alisema anakwenda kuwaamkia majirani. Alirudi saa nne, mikono mitupu, kichwa kimejaa. Aliuliza bei ya kila kitu na hakununua chochote. Ndani ya wiki mbili yeye, mgeni, alikuwa ameijua Geita kuliko sisi tulioishi pale miaka mitatu. Alijua genge gani linauza nyanya zilizoingia jana kwa bei ya zilizoingia leo. Alijua akina mama wa soko la chini hupunguza bei kuanzia saa kumi na moja jioni, maana hakuna anayetaka kurudi nyumbani na mzigo kichwani. Alijua muuza maharage ambaye kisado chake cha kupimia kimejazwa karatasi chini, na mwingine, vibanda vitatu mbele, ambaye hujaza mpaka maharage yanamwagika na bado anaongeza kiganja.

Taarifa zote hizo nilizipata kupitia kwa mtoto, ambaye mara nyingi alikuwa amelala. Nikitoka shuleni nilipita soko la chini, nikaanza kujifunza kusema, "Ongeza basi mama," bila kuona haya. Mara ya kwanza niliisema nikitazama chini. Mara ya tatu niliongezewa vitunguu viwili, nikatembea mpaka nyumbani kama niliyepandishwa cheo. Mwezi ule, tarehe ishirini na tano, tulikula nyama. Mke wangu aliitazama sahani, akanitazama mimi, akasema, "Leo ni tarehe ngapi?"

Lakini mama hakuridhika. Mchele, alimwambia mtoto, haununuliwi Geita. Mchele unafuatwa unakolimwa, na alikuwa amekwisha kusikia kuwa Kharumwa mpunga umevunwa vizuri. Tatizo likawa nani aende. Mke wangu hangeweza kumwacha mtoto. Mama hangeweza kubeba gunia peke yake, nami singejua kulichagua. Tukatazamana, yaani mimi nilitazama ukuta, yeye akatazama mtoto, na mke wangu akatutazama sote wawili akasema, "Mtakwenda Jumamosi."

Tulipanda basi moja, yeye kiti cha mbele nyuma ya dereva, mimi kiti cha mwisho. Njiani alikuwa na ujumbe mmoja tu kwangu, nao ulipita kwa abiria sita kabla ya kunifikia: niangalie kama nimekuja na kamba.

Tuliposhuka Kharumwa mtoto hakuwepo, kwa hiyo mama alizungumza na kikapu alichokibeba.

"Kikapu changu," alisema, "watu wenye viatu vinavyong'aa wakae mbali nasi. Wakionekana tu, bei inapanda."

Nilitazama miguu yangu. Viatu nilikuwa nimevipiga rangi asubuhi ile. Nikaenda kukaa kwenye banda la chai, nikaagiza maandazi, nikawa namtazama akizunguka sokoni na kanga yake iliyochakaa, ambayo baadaye nilijua aliichagua kwa makusudi. Alipita kwa wauzaji wanne bila kuuliza lolote. Kwa wa tano alichota punje chache, akazitafuna taratibu akitazama mbinguni, akatema, akaendelea.

Nikiwa kwenye andazi la pili, mtu mmoja wa makamo mwenye kofia aliketi mbele yangu.

"Mwalimu, unatafuta mchele?"

Nilishangaa alijuaje kuwa mimi ni mwalimu. Mke wangu anasema inaonekana hata nikiwa nimelala. Alikuwa dalali. Alinipeleka kwenye gunia lililofunguliwa, mchele mweupe, mrefu, unaonukia. Bei aliyotaja ilikuwa ya chini kuliko ya Geita kwa kiasi ambacho sikukitarajia. Nikajiona nikirudi nyumbani na gunia nililolipata mwenyewe, mama mkwe akimwambia mtoto, "Kumbe baba yako anajua." Nikatoa pochi.

"Wewe baba! Acha!"

Sauti ilitoka nyuma yangu, upande wa magunia ya mpunga. Soko lote likageuka.

"Rudisha hiyo pochi! Ingiza mkono ndani! Mpaka chini!"

Alikuwa mama mkwe wangu, kanga imeshuka mabegani, kidole amekinyoosha kwangu. Nilikunja mkono wa shati, nikaingiza mkono kwenye gunia mpaka kiwiko, nikachota. Nilichotoa kilikuwa chenga, mchele uliovunjikavunjika, na vumbi la mashineni. Watu waliangua kicheko. Dalali mwenyewe alicheka mpaka akavua kofia.

"Bibi, huyu ni wako?"

"Ni mkwe wangu," mama alijibu kwa ukali, na alipokwisha kulitamka neno lile ndipo alipokumbuka. Alivuta kanga mpaka usoni, akanigeuzia mgongo, akainama kwenye kikapu.

"Kikapu," nilimsikia akinong'ona, "mimi sijasema kitu."

Nilicheka mpaka nikakaa juu ya gunia la watu. Mabega yake nayo yalikuwa yanatikisika ndani ya kanga. Hatukutazamana, lakini tulicheka pamoja, na nadhani siku ile ndiyo niliyooa rasmi katika ukoo ule.

Yeye hakununua mchele hata kidogo. Alinunua mpunga, magunia mawili, kwa mama mmoja mkulima aliyekuja na mwenzake kutoka shambani. Waliongea Kisukuma kwa muda mrefu sana kabla bei haijatajwa: habari za mvua, za watoto, za mguu wa yule mama uliokuwa unamsumbua. Bei ilipokuja ilikuja kama jambo dogo. Kisha tukaupeleka mpunga mashineni kukoboa. Alikieleza kikapu, nami nikasikiliza, kuwa anayenunua mchele uliokwisha kukobolewa analipia na mashine, na mbebaji, na dalali, na pumba anamwachia mtu. Mchele wetu ulitoka mashineni ukiwa wa moto. Niliushika kwa viganja viwili kama mtu anayeota moto. Pumba tulizifunga kwenye kiroba, tukaja kuziuza kwa mfuga kuku wa mtaani kwetu, na zikarudisha nauli.

Tulifika nyumbani jua bado lipo. Bodaboda mbili zilishusha viroba mlangoni, na mlango wetu, kama nilivyosema, unatazamana na duka. Mwenye duka ni mama mjane, mcheshi, mwenye sauti ya kuimba kwaya. Alikuwa amesimama kwenye kaunta, akatazama viroba vikiingia kimoja kimoja. Alitupungia mkono. Kisha akageukia rafu zake.

Jumatatu nilikwenda kununua chumvi.

"Karibu mwalimu. Chumvi tu?"

"Chumvi tu, mama."

"Hata chumvi Kharumwa ipo," alisema, akanipa bila kuniangalia.

Niliivuka ile barabara nikiwa mdogo kuliko paketi niliyoishika. Mwanamke huyu ndiye aliyefunga duka lake siku mke wangu aliposhikwa na uchungu, akatafuta gari, akakaa naye kiti cha nyuma akimsugua mgongo, mimi nikiwa shuleni nasimamia mtihani. Mtoto wetu alipozaliwa, yeye alimwona kabla yangu. Na sasa tulikuwa tunampita mlangoni na magunia.

Nilimweleza mke wangu, mke wangu akamweleza mama yake. Mama akaendelea kumbembeleza mtoto. Kesho yake alivuka barabara, akakaa juu ya kreti la soda ndani ya duka lile tangu asubuhi mpaka adhana ya adhuhuri. Siku ya pili vivyo hivyo. Siku ya tatu jioni mtoto alipewa habari.

"Mjukuu wangu, yule mama mchele wake ananunua kwa mtu, aliyenunua kwa mtu, aliyenunua Kharumwa. Tangu mumewe afariki hajawahi kwenda mwenyewe. Akienda, nani atakaa dukani? Akifunga siku moja, wateja wanahamia kwa mwingine. Sasa mwambie baba yako, Jumamosi anakwenda naye. Wakodi gari pamoja, gharama wagawane. Dukani nitakaa mimi."

Mke wangu alitoka ndani na mwiko mkononi. "Mama, wewe uuze dukani?"

"Kwani kuna kitu humo nisichojua bei yake?"

Mke wangu alirudi jikoni na mwiko wake. Jumamosi mimi na mwenye duka tulikwenda Kharumwa, mimi nikiwa na ndala za zamani. Nilimpeleka kwa yule mama mkulima, nikamsalimia kwa Kisukuma, "Mwangaluka," akanicheka kwa lafudhi yangu akatupunguzia. Tulirudi na pikapu iliyojaa. Dukani tulikuta mambo mazuri na mambo ya kushangaza. Mama mkwe alikuwa ameuza kuliko mauzo ya Jumamosi ya kawaida, na hakupunguza bei hata kwa mtu mmoja. Yeye anayepunguziwa kila mahali alisema kupunguza ni tabia mbaya. Lakini sigara zilikuwa palepale zilipoachwa. Wachimbaji wawili waliokuja kuzitaka aliwauliza kama wana watoto. Walipokubali kuwa wanao, aliwauzia unga.

Mwenye duka alishika kiuno akacheka kwa ile sauti yake ya kwaya, mpaka watu wa ng'ambo wakatoka kuuliza kuna nini. Wiki ile aliandika kwa chaki kwenye ubao bei mpya ya mchele, na ubao ule ulivuta mtaa mzima. Nasi tukaacha kubeba magunia. Tunanunua kwake, kwa bei ambayo mama mkwe aliikubali baada ya kuitafakari siku mbili.

Likizo ya uzazi ilipokaribia kwisha, mama alitaka kurudi kwake, na mke wangu akataka mtoto akaone kijiji cha bibi. Tulisafiri sote wanne. Tulipofika Didia nilisimama nishushe mizigo, mama akamwambia mtoto kuwa bado. Tukaipita nyumba yake tukaenda hadi Shinyanga mjini, kwa sababu kulikuwa na mtu mmoja ambaye lazima nimjue.

Alikuwa mzee wa Kihindi, mwenye duka la jumla alilorithi kwa baba yake, ambaye naye alilirithi. Alikaa nyuma ya meza ndefu yenye kioo, miwani imening'inia kifuani. Alipomwona mama mkwe alisimama, akamwamkia kwa Kisukuma akimwita mama.

"Mwadila, mayu!"

Wakaanza. Kisukuma kilitiririka kutoka kinywani mwa mzee yule kama maji, nami nikashika neno moja tu, mbula, mvua. Mke wangu alinitafsiria kidogo kidogo: wanaulizana hali ya pamba, magoti, nani amezaa. Mama alinunua sabuni yake ya kwanza ya ndoa katika duka lile, kwa baba wa mzee huyu. Kisha mzee akanigeukia.

"Shikamoo mzee," nilisema.

"Marahaba. Wewe ndiye mkwe? Kisukuma unajua?"

"Kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

Nilitafuta kichwani. "Wabeja," nikasema. Asante.

"Basi leo utapewa bei ya wabeja," alisema, na duka zima likacheka, mama mkwe akiwa wa kwanza, uso ndani ya kanga.

Tulichukua katoni ya sabuni, ndoo ya mafuta na sukari ya kutosha miezi kadhaa. Nilisubiri nione mama atakavyovutana bei na mtu kama yule. Hakuvutana. Alisimama tu mbele ya ile ndoo ya mafuta, akaitazama kwa huzuni, kimya, kama anayeiaga. Mzee alivumilia. Alipanga karatasi zake. Akasafisha miwani. Mwishowe akashusha pumzi. "Haya, mayu. Chukua kwa bei unayoitaka." Mama akataja bei papo hapo.

Mke wangu na mtoto walibaki Didia wiki mbili. Mimi nilirudi peke yangu, na hapo ndipo nilipojiona nimehitimu. Gari lilisimama Tinde, na kando ya barabara kulikuwa na magunia ya vitunguu. Nilishuka. Niliingiza mkono mpaka chini. Vilikuwa vikavu, vigumu, vizuri. Niliuliza habari za mvua. Nilisikitika mbele ya gunia kama nilivyoona Shinyanga. Bei ilishuka, ikashuka tena, mpaka nikaona ni dhambi kuacha. Nilinunua gunia zima.

Mke wangu aliporudi alifungua mlango wa stoo akasimama pale muda mrefu. Gunia lilikuwa limeota majani ya kijani, yametoboa nyuzi, yanatafuta dirisha.

"Baba watoto," alisema, "sisi tuko wangapi humu ndani?"

"Watatu."

"Na mmoja hana meno."

Alimpigia mama yake simu, akaweka sauti ya juu. Kicheko kilichotoka kule Didia kilikatika, kikarudi, kikakatika tena. Aliposhusha pumzi alitoa hukumu: vikatwe vipande vyembamba, vianikwe juani, vitakaa hadi masika.

Jumapili baada ya ibada tulitandika mikeka uani. Mwenye duka alikuja na kisu chake na beseni. Tulikubaliana kuwa sehemu atauza. Tulikata vitunguu tangu saa sita, jua likiwaka, mtoto amelala kivulini upande wa pili ambako harufu haifiki. Baada ya nusu saa hakuna aliyekuwa anaona vizuri. Mke wangu alifuta macho kwa kanga, mimi kwa mkono wa shati, mwenye duka alikuwa anapenga kamasi kwa sauti.

Mwalimu mwenzangu alipita njiani akatuona kupitia uzio, watu wazima watatu mkekani, tunalia. Alisimama. Akavua kofia, akaingia taratibu, akachuchumaa karibu yangu.

"Poleni sana jamani," alisema kwa sauti ya chini. "Nani ametutoka?"

Mwenye duka alijaribu kujibu, kicheko kikamziba. Mke wangu akamsogezea yule mwalimu kisu na vitunguu kumi.

"Kaa hapo," alimwambia, "na wewe ulie kidogo."